Konda wa Rongai, Mungu anakuona!

Mgeni Jijini:
Wakuu, salamu baadaye, naandika nina tope mpaka magotini. Huyu konda wa matatu za Rongai mnamjua, msinizuge. Yule kofia kageuzia kisogoni, ananing'inia mlangoni kama shuka limeanikwa. Nimeingia Nairobi Jumapili, leo Jumatano nishakuwa kichekesho cha njia nzima.

Niko Railways jioni, anaita "Rongai chwani, chwani!" Hamsini hiyo. Yakadondoka matone matatu ya mvua, niliyahesabu, MATATU, akageuza: "Rongai soo, Rongai soo!" Kwetu soo ni soo. Nikajua huko watu wanakatana mapanga. Namuuliza mama mmoja kuna soo gani Rongai, akanitazama kama nimetoroka wodini. Kumbe ni shilingi mia!

Ndani muziki unatikisa hadi fizi. Nikavumilia. Tunakaribia Bomas, nikasema kwa adabu niliyofunzwa na bibi yangu Tanga: "Samahani kaka yangu, naomba unishushe kituo kinachofuata."

Jamani, nimekosea wapi? Akapiga ukelele: "Dere, punguza ngoma, mwalimu wa Kiswahili anashuka!" Gari zima likacheka. Hadi kichanga mgongoni kwa mamake kikacheka. Na gari halikusimama! "Mwalimu, anza na kushoto!" Nimeshuka nakimbia nalo sambamba kama nasindikiza bibi harusi, breki nimefungia mtaroni, Bomas iko nyuma huko.

Mimi ni fundi wa friji! Mwalimu wa Kiswahili! Mbele ya watu!

Kijoti:
Shikamoo mwalimu.

Binti Ubwabwa:
Mwalimu, kazi ya leo umeshasahihisha au bado uko mtaroni?

Ras Kayole:
Buda, hiyo si lugha ya mat. Unagonga bodi, unasema "shukisha!", imeisha. Ukianza na samahani tutakushukisha Kiserian.

Mgeni Jijini:
Nigonge gari la watu? Halafu kaniita MWALIMU, hilo hamlioni?

Raskazone Boy:
Mimi wa Tanga. Acha kutusingizia, hata sisi kwenye daladala tunafoka "shusha!" Hiyo samahani kaka yangu umeitoa kwenye mtihani wa darasa la saba.

Ras Kayole:
Na nyinyi mnajiita wapole. Nilikuja Dar nikapanda basi la mwendokasi pale Kimara. Nimesukumwa na watu kama ishirini, kila mmoja "samahani kaka", "pole kaka". Nikashuka bila simu. Heri matusi ya Rongai.

Mzee wa Mbagala:
Kimara ndiyo unalia? Njoo Mbagala jioni, tunaingilia dirishani. Mimi nina kitambi na bado napita.

Baridi Tupu:
Nyie mna bahati, mna konda wa kugombana naye. London nilipanda basi na noti yangu ya pauni 20, dereva hata hajafungua mdomo, kaninyooshea kidole mashine ya kadi. Kumbe mabasi yao hayapokei pesa taslimu tangu 2014. Nikashuka na noti yangu, mvua inanyesha, na hakuna hata mtu aliyenicheka.

Kijoti:
Pauni 20 ni kama shilingi ngapi mkuu?

Mzee wa Mbagala:
Ya kwetu au ya Kenya?

Mgeni Jijini:
Wakuu turudi kwenye mada. Mbele ya gari zima, MWALIMU WA...

Binti Ubwabwa:
Mwalimu kaa kwanza, tunapiga hesabu ya pauni.