Tairi 27 x 1¼, baiskeli ya mbio ya miaka ya 1970: upepo kiasi gani?

Spoku36
Wakuu, naomba msaada wa hesabu ya upepo. Baiskeli ni ya mbio, fremu ya chuma, rimu za alumini za tangu ilipotoka kiwandani. Tairi ni mpya, 27 x 1¼, na ubavuni pameandikwa pia 32-630 (upana wa tairi na kipenyo cha rimu kwa milimita) na mwisho wa presha 90 psi (pauni kwa inchi ya mraba). Valvu ni kama za gari. Mwendeshaji ana kilo 78, baiskeli kilo 13, mkoba wa nyuma kilo 3. Barabara ni lami yenye viraka.

Ikijazwa 90 mbele na nyuma, usukani unatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi. Ikishushwa hadi 45, tairi la nyuma linapata pancha kwenye kila shimo. Namba ya katikati inapatikanaje, na je, mbele na nyuma zilingane?

Gia_Tano
Mkuu, kiwanda kimeshakuandikia. Jaza 90 usahau. Tairi gumu ndiyo mwendo.

FunguNamba15
@Gia_Tano, hapo utamuumiza mtu. Ile 90 ni ukomo wa tairi. Rimu nayo ina ukomo wake, na kwa baiskeli ya umri huo ukomo wa rimu ndio mdogo.

Spoku36, kabla ya namba yoyote vua tairi upitishe ukucha kwenye ukuta wa ndani wa rimu, kutoka chini kwenda juu. Ukucha ukikwama kwenye mdomo uliokunjwa kwa ndani, rimu yako ina kulabu na inashika vizuri waya wa tairi, ule ulio ndani ya ukingo wa tairi unaokaa kwenye rimu. Ukiteleza mpaka juu bila kukwama, kuta ni nyoofu, na rimu nyingi za inchi 27 za miaka hiyo ziko hivyo. Kwenye ukuta mnyoofu kinachozuia waya kupanda ni kubana tu. Ukizidisha, tairi linaruka nje na tyubu inapasuka kwa kishindo, wakati mwingine dakika kadhaa baada ya kujaza. Rimu za hivyo usizipitishe 70 psi, yaani karibu bar 4.8.

Sasa hesabu. Uzito wote ni 78 + 13 + 3 = kilo 94. Kwa mkao wa baiskeli ya mbio, chukua asilimia 55 nyuma na 45 mbele: kilo 52 nyuma, 42 mbele. Kipimo kinachotumika sana, ambacho Mmarekani Frank Berto alikifanyia vipimo, ni tairi kubonyea asilimia 15 ya kimo chake likibeba uzito. Kwa tairi la milimita 32 hiyo inakupa takriban 65 psi nyuma na 53 mbele. Kwa hiyo hazilingani, na hazipaswi kulingana.

Angalia pia jinsi upana unavyobadilisha mambo. Uzito uleule kwenye tairi la milimita 28 ungetaka kama 84 nyuma na 67 mbele. Kwenye la 25, kama 100 na 80. Kwa rimu yenye ukuta mnyoofu ile 84 tayari ni hatari. Tairi lako nene ndilo linalokuruhusu kubaki chini ya 70 bila kupata pancha. Asikudanganye mtu kwamba jembamba lina mwendo zaidi. Tairi gumu kwenye viraka linadunda, na kila likidunda nguvu ya miguu inapotea kuinua baiskeli na mtu badala ya kwenda mbele.

Na ile 45 iliyokuletea pancha: shimo la barabarani lilibonyeza tairi mpaka rimu ikaibana tyubu chini yake. Ukiona matundu mawili yamekaa sambamba, hiyo ndiyo sababu. Usitafute msumari.

Kashata
Naongezea la kujaza. Tairi jipya kwenye rimu kuukuu usilipandishe moja kwa moja. Tia upepo kidogo tyubu ipate umbo, vaa tairi, jaza 30 kisha simama. Zungusha gurudumu uangalie ule mstari mwembamba unaozunguka ubavu juu kidogo ya rimu. Umbali wake na rimu uwe sawa mzunguko mzima, pande zote mbili. Ukizama mahali, hasa penye valvu, tyubu imebanwa chini ya waya: toa upepo, sukuma valvu ndani, rudia. Ukiinuka mahali, hapo ndipo tairi litakaporukia. Ukiwa sawa ndipo unapanda hadi 65.

Na utepe wa rimu je, ule unaofunika sakafu ya rimu chini ya tyubu? Kama ni ule mkanda wa mpira wa zamani, badilisha uweke wa kitambaa. Mpira ukishachoka unaachia vichwa vya nipeli (nati za spoku) viguse tyubu, na matundu yanatokea upande wa rimu, si wa barabara. Watu hulaumu presha bure.

MnyororoMkavu
Samahani kuingilia. Baiskeli yangu ina zile valvu za zamani zenye kipira ndani. Geji inasoma 80 huku tairi bado linabonyea kwa kidole. Geji mbovu?

FunguNamba15
Geji ni nzima. Kipira kinafunga njia pampu inapoacha kusukuma, kwa hiyo geji inasoma presha ya kwenye mpira wa pampu, siyo ya tairi. Weka tyubu yenye valvu ya gari. Tundu la rimu ni lilelile. Ukipata tyubu ya valvu nyembamba tu, tafuta kikombe cha kupunguza tundu, la sivyo shina litacheza na kukatika chini.

Spoku36
Asanteni. Ukucha umeteleza, kuta ni nyoofu. Tairi limevaliwa kama Kashata alivyosema, mstari uko sawa. Kwa kalipa (chombo cha kupimia upana), tairi lenye 32 linapima 30 tu kwa upana, na kimo kutoka chini hadi ukingo wa rimu ni 29. Mtu akikaa, nyuma (65) linabonyea milimita 4, mbele (53) karibu 2.

FunguNamba15
Kupungua upana ni kawaida, rimu yako ni nyembamba. Asilimia 15 ya 29 ni milimita 4.4, kwa hiyo nyuma pameshakaa. Mbele, nahisi mpimwaji alikaa wima. Pima tena mikono ikiwa kwenye vishikio vya breki na mwili umeinama. Baiskeli iegemee ukuta na mtu mwingine ashike rula. Kama bado haifiki 4, shusha psi 3 kwa 3. Ila usiifuate rula mpaka chini kabisa: ukikamata breki, uzito wote unakimbilia mbele, na tairi laini litayumba kwenye kona. Mimi nisingeshuka chini ya 48.

Spoku36
Kwa mwili ulioinama ni 4 kasoro kidogo. Nimeacha 50.

Kashata
Safi. Tumia geji hiyohiyo kila mara, maana geji mbili hazikubaliani, na pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Joto likipanda nyuzi 10, tairi la 65 linaongezeka kama psi 2 na nusu. Tyubu ya kawaida inavuja polepole, basi mara moja kwa wiki inatosha.