Besi ya zamani kama akiba: Fender ya 1974, JV ya Japani, au hela iende kwenye hatifungani?

Besi_ya_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Niko Mbeya, napiga gitaa la besi kanisani mwaka wa kumi na moja sasa. Nimeuza kiwanja, nimebaki na milioni kumi na moja. Mke wangu kaniachia niamue mwenyewe, kwa sharti moja tu: hela isirudi nyumbani ikiwa imepungua.

Rafiki yangu niliyesoma naye yuko Ujerumani. Kakutana na mzee anauza Fender Jazz Bass, anasema ni ya 1974, rangi ya mbao yenyewe, ubao wa vidole ni maple, kasha lipo. Kwenye tangazo kaandika "haijaguswa". Anataka euro 3,200, kwa hela yetu ni milioni tisa na ushee. Nimeona pia Fender ya Japani ya 1983, zile ambazo namba yake inaanza na JV, kwa nusu ya bei hiyo. Chaguo la tatu ni kuachana na magitaa, ninunue hatifungani, yaani niikopeshe serikali inilipe riba, nitulie.

Nasikia magitaa ya zamani yanapanda bei kila mwaka. Wenye uzoefu nisaidieni kulinganisha.

Mama_Hass
Mdogo wangu, hapo unalinganisha nini? Hatifungani ya miaka 25 iliyotoka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, na inaingia mara mbili kwa mwaka wewe umelala. Mimi nimepanda parachichi Rungwe, tunda la kwanza nimeliona mwaka wa tatu, bei ikanitoa machozi, lakini angalau mti nauona unakua. Gitaa likikaa miaka mitatu linazaa nini?

Besi_ya_Uyole
Dada yangu, hiyo ya 15.95 ilinipita. Mwaka uliofuata walishusha ya miaka 25 mpaka 12.56, mimi bado nafikiria. Ndivyo nilivyo.

Mama_Hass
Basi endelea kufikiria na hilo gitaa nalo, litakupita salama 😂

MzeeDansi
Vijana, mimi nilikuwa Iringa miaka ya themanini, bendi ya Tancut Almasi ikiwa moto. Ngoja niwaambie jambo ambalo wengi hamlijui. Bendi nyingi za enzi zile zilikuwa za mashirika, na vyombo vilikuwa vya shirika. Mpigaji ukihama bendi unaondoka na vidole vyako tu, gitaa linabaki stoo. Shirika likifa, vyombo vinafia humo humo stoo, panya wanakula nyaya. Ndiyo maana Tanzania hii huwezi kumkuta mzee ana besi ya 1974 chini ya kitanda na risiti yake. Mzungu anaweza, kwa sababu alinunua kwa mshahara wake.

Sasa jiulize, siku ukitaka kuuza hilo lako, hapa Mbeya utamuuzia nani? Mpigaji wa kwaya ya Mwanjelwa anataka besi ya laki nne inayolia. Ukimwambia milioni tisa kwa sababu ni kuukuu, atadhani unaumwa.

Mkodishaji_Mafiati
Mzee kamaliza. Mimi nina besi mbili za Kichina, nilinunua laki tano na nusu kila moja. Harusi na mikutano ya injili nakodisha elfu thelathini kwa siku, pamoja na amplifaya inakuwa elfu themanini. Moja imeshajilipa mara tatu. Haina historia yoyote, kichwani imeandikwa jina ambalo hata mwenye kiwanda halikumbuki.

Ila nakiri, sauti yake ni kama inatoka kwenye ndoo.

FundiNyaya_Iringa
Naomba nitoe somo kidogo maana nimefungua magitaa mengi kuliko sufuria za mke wangu.

Besi ya zamani bei yake haiko kwenye umri. Iko kwenye uhalisi. Ni kama gari: ukienda kununua unaangalia chasisi namba na injini namba, zikipishana unajua kuna mtu kashika spana. Fender ana historia ndefu. Precision Bass ilitoka 1951, Jazz Bass ikafuata 1960. Januari 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kwa dola milioni 13, na hapo ndipo wakusanyaji walipochora mstari. Lililotengenezwa kabla ya CBS ni dhahabu, bei yake wewe na mimi hatuigusi. La baada ya hapo, hasa miaka ya sabini, kwa muda mrefu lilidharauliwa: mazito, mengine ukilivaa ibada nzima bega linaomba likizo, na kazi ya kiwandani haikuwa na nidhamu. Leo na yenyewe yanatafutwa, kwa sababu yale ya zamani zaidi yameshapaa.

Hiyo "yanapanda kila mwaka" siyo kweli. Yalipanda vizuri mpaka 2008, dunia ilipotikisika kifedha yakaporomoka, na waliokuwa wamekopa kununua walilia. Linapanda ukiwa na muda wa kusubiri. Ukiwa na mtoto wa kumlipia ada mwezi wa kwanza, halipandi.

Sasa muombe huyo mzee picha nne. Bamba la chuma nyuma linaposhikia shingo. Kitako cha shingo ikiwa imefunguliwa. Sehemu ya mbao ilipokaa pikapu, kile kinachonasa sauti ya nyuzi. Na muhimu kuliko zote, afungue kibati cha vifundo apige picha zile potenshometa, vile vya kupandisha na kushusha sauti, kwa nyuma, kwa karibu, namba zisomeke. Akikataa kufungua skrubu tatu kwa euro 3,200, una jibu lako.

Kijana_wa_Tukuyu
Naweka kambi hapa. Mimi naona bora Höfner, ile yenye umbo la fidla. Mmesikia ile ya Paul McCartney wa Beatles? Aliinunua Hamburg 1961 kwa pauni 30, ikaibiwa 1972, ikarudi kwake juzi juzi, 2024 ilitangazwa. Sasa fikiria bei yake leo.

FundiNyaya_Iringa
Bei yake ni McCartney, mdogo wangu. Höfner ya mtu mwingine ya mwaka huo huo ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Na ile ina tumbo tupu ndani kama fidla, mbao nyembamba. Kiangazi chetu hiki cha mwezi wa nane na wa tisa, hewa kavu mpaka midomo inapasuka, ubao wa aina hiyo nao unapasuka. Mteja wangu mmoja wa Gangilonga aliniletea besi, siyo Höfner, ni ya mbao nzima kabisa, freti, vile vyuma vya kwenye ubao wa vidole, zimechomoza pembeni zinamkata mkono mpaka damu. Anadhani freti zimerefuka. Chuma hakirefuki, ni ubao wa vidole umekauka ukanywea. Nilipitisha tupa saa mbili nzima. Mvua ziliporudi mwezi wa kumi na mbili ubao ukavimba tena, sasa freti ziko ndani ndani.

Ukitaka kutunza gitaa la thamani nyanda hizi, nunua kipimo cha unyevu, weka ndani ya kasha, kicheze kati ya asilimia 45 na 55. Kiangazi weka kitambaa chenye unyevu ndani ya kibati chenye matundu, kisiguse mbao. Na usilitundike ukutani karibu na jiko la mkaa.

Mufindi_Mbao
Mimi siyo mwanamuziki, nauza mbao Mafinga, ila hapa kuna jambo langu. Besi za zamani za miaka ya sitini nyingi zina ubao wa vidole wa rosewood ya Brazili. Huo mti uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992, kuuvusha mpaka bila kibali ni kesi. Sisi huku tunajua kubeba mzigo bila TP, kibali cha kusafirisha mbao, unavyokutwa getini, sasa fikiria gitaa la milioni ishirini linashikiliwa uwanja wa ndege. Mwaka 2017 wakaweka jamii yote ya rosewood kwenye orodha ya pili, pamoja na mpingo wetu wa Lindi, ambao kumbe ni ndugu yake wa damu. Vyombo vya muziki vilivyokamilika wakavilegezea 2019, lakini ule wa Brazili ukabaki palepale.

La kwako lenye maple halina shida hiyo. Hiyo ni pointi yake.

Mkodishaji_Mafiati
Na nani amepiga hesabu ya forodha? Euro 3,200 milioni tisa na ushee. Ndege na bima, tuseme laki saba. Forodha hawapigi kodi kwenye bei ya gitaa peke yake, wanajumlisha na nauli na bima. VAT asilimia 18 ya milioni kumi ni milioni moja na laki nane, na bado hujagusa ushuru wenyewe. Milioni kumi na moja ya kiwanja imekwisha na gitaa liko Dar bado. Halafu utalipandisha basi? Amplifaya yangu ilitoka Dar nzima, kona za Kitonga ikafika huku spika imechomoka kwenye boksi, na konda anasema mzigo ulikuwa hivyo hivyo.

Siku ukiuza, mnunuzi yuko Ulaya, naye atalipa kodi ya kwao, kwa hiyo atakukata bei. Litahitaji kupanda karibu theluthi ndiyo urudi sifuri.

Mama_Hass
Huyu wa Mafiati ndiye nilikuwa namsubiri.

Besi_ya_Uyole
Wakuu, picha zimekuja. Mzee wa Ujerumani hakugoma, alifungua kila kitu, mstaarabu. Bamba lina skrubu nne na herufi F kubwa, namba tarakimu sita. Pikapu ya nyuma iko karibu na daraja la nyuzi. Potenshometa ni tatu: ya toni imeandikwa 1377341. Mbili za sauti zote 1377633.

FundiNyaya_Iringa
Hapo sasa. 137 ni mtengenezaji, CTS. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Ya toni ni wiki ya 41 ya 1973, inaendana vizuri na gitaa la 1974, maana kiwandani potenshometa zilikaa kwenye ndoo miezi kadhaa kabla ya kufungwa. Bamba la skrubu nne liko sawa, baada ya hapo Jazz Bass ikahamia skrubu tatu. Pikapu kusogea nyuma ni sawa kwa miaka hiyo. Lakini hizo mbili za sauti ni wiki ya 33 ya 1976. Potenshometa inaweza kuwa ya zamani kuliko gitaa, haiwezi kuwa mpya kuliko gitaa mpaka mtu ameifunga baadaye. Kuza ile picha, uangalie lehemu: ya toni imefifia kijivu, za sauti zinang'aa na zimejaa kama fundi alikuwa na lehemu ya bure.

Siyo wizi. Huenda zilichakaa, fundi akaweka alizokuwa nazo. Gitaa ni zuri na litalia. Ila "haijaguswa" aliyoandika inaondoka, na bei inaondoka nayo kidogo. Angekuwa amepaka rangi upya ndiyo ungekimbia, hapo thamani kwa kawaida inakatika nusu.

Kijana_wa_Tukuyu
Fundi anasoma gitaa kama daktari anavyosoma eksirei 🙌

MzeeDansi
Na ile ya Japani mbona mmeisahau?

FundiNyaya_Iringa
Hatujaisahau mzee, nilikuwa nasubiri homa ya Fender ishuke. Fender Japan ilianza 1982, kazi wakapewa kiwanda cha FujiGen cha Matsumoto. JV ni za miaka ile ya mwanzo tu, 1982 mpaka 1984, na walikuwa wanaiga zile za kabla ya CBS kwa nidhamu ambayo Marekani wenyewe walikuwa wameipoteza. Wakusanyaji wanazijua na wanazitafuta. Hazitakufanya tajiri. Lakini ukinunua kwa nusu ya bei, kodi nayo ni nusu, na siku ya kuuza wanunuzi wa kiwango hicho ni wengi. Cha zaidi, utaipiga. Ile ya 1974 utaifungia kabatini, kila ukisikia mbwa anabweka unaamka.

Besi_ya_Uyole
Nimemuandikia mzee wa Ujerumani kuhusu potenshometa. Kajibu kwamba alilinunua hivyo 1991, hakuwahi kulifungua, na kashusha mpaka 2,700. Bado ni nyingi baada ya forodha. Nimeliacha, roho inauma kidogo.

Nachukua JV, inayobaki nitaiweka kwenye mnada wa hatifungani unaokuja ili Dada Hass apumzike. Mke wangu kasoma uzi huu wote kimya kimya halafu kauliza swali moja: hilo la Kijapani ukilipiga kila Jumapili, si ndiyo linaisha thamani?

FundiNyaya_Iringa
Mwambie shemeji freti zitalika polepole, na freti zikiisha zinabadilishwa. Kinachoua bei ni kuanguka, kupaka rangi, na kutupa vifaa vya asili. Ukibadilisha chochote, hata skrubu, tia cha zamani kwenye bahasha uweke ndani ya kasha.

Likifika usiku wa baridi, usifungue kasha siku hiyo hiyo hata kama mikono inawasha. Liache chumbani mpaka asubuhi lizoee. Kisha fungua, nitumie picha ya kitako cha shingo.