Vitu ambavyo sio dhambi vinamaliza muda wangu na Mungu, wenzangu mnajilindaje?

Mkulima_Masasi
Bwana asifiwe wapendwa, wakubwa zangu shikamooni. Niko Masasi, nina kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa hapa mjini na mikorosho kidogo kijijini. Swali langu sio kuhusu pombe wala uzinzi, hayo yanahubiriwa kila Jumapili na tunayajua. Nauliza kuhusu vitu halali kabisa. Mfano sasa hivi ni msimu wa kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na wote mnajua salfa inataka alfajiri, majani yawe bado na umande na upepo uwe haujaamka, kwahiyo ile saa kumi na moja ambayo mtu angekuwa kwenye magoti ndio saa hiyohiyo mashine iko mgongoni inanguruma. Narudi naoga nafungua kibanda, floti (salio la uwakala kwenye simu) iko wapi, huyu kakosea namba, huyu anataka kutoa laki mbili na mimi keshi sina. Jioni grupu la kwaya, grupu la jumuiya, grupu la wazazi wa shule, grupu la AMCOS yaani ushirika wetu wa wakulima, yote yana ujumbe na yote ni ya maana. Halafu mtu unasema ngoja nipumzike kidogo, unafungua video fupifupi, ukija kuangalia saa ni saa tano usiku na Biblia iko palepale juu ya kabati.

Ukiniuliza nimefanya ubaya gani leo nitakosa jibu. Ila moyoni nasikia ukavu, hata nikiimba kanisani naimba tu. Nyie mnaofanya kazi kama sisi huku Mtwara na Lindi mnalindaje afya yenu ya kiroho? Naomba njia mnazotumia kweli, ile ya "ongeza maombi" naijua tayari.

Mama_Wawili_Nachingwea
Pole baba. Kwangu ni hivi, simu hailali chumbani. Inalala sebuleni kwenye kabati la vyombo, nayo nimeizima data. Watu wengi wanasema nitaamkaje bila alamu, nunua saa ya mezani ile ya betri, sokoni zipo na sio ghali. Ukiamka mkono ukikosa simu unakuta umekaa kitandani una dakika kadhaa hujui uzifanyie nini, hapo ndio pa kuombea, kabla hujajua nani kafa na nani kaweka nini stetasi.

Na lingine, Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu ni nzuri ila unasoma mstari wa tatu juu inashuka notifikesheni, imeisha hiyo. Mume wangu alibisha sana hili lakini siku hizi yeye ndio anawahi kuishika ile ya karatasi.

Boda_Chuno
Mama hapo kwenye simu naomba nitofautiane na wewe kwa heshima zote. Mi niko Mtwara mjini na bodaboda, Biblia ya kusikiliza kwenye simu ndio imenikuza. Nikiwa kijiweni nasubiri abiria naweka sikioni, Marko yote inaisha kwa siku moja na nusu hivi, sasa ningekuwa nangoja mpaka nirudi nyumbani nifungue ya karatasi ningesinzia. Simu ni ile ile, tatizo ni nani kaishika mwenzake. Mimi nilichofanya ni kutoa kabisa ile programu ya video, sikuacha hata ikonu yake, manake ukisema utaiangalia kidogo hakuna kidogo pale, imetengenezwa isiishe, ukimaliza moja nyingine imeshaanza yenyewe bila kukuuliza.

Kingine nakiona kwa majirani zangu Waislamu pale kijiweni. Adhana ikilia mtu anaacha hata abiria, anatia udhu anaenda, akirudi anaendelea na kazi na riziki yake haijapungua. Sisi tunasubiri mpaka tupate nafasi, na nafasi haiji.

Dada_wa_Ndanda
Tumsifu Yesu Kristo. Boda umegusa palepale nilipotaka kusema. Mimi nimekulia Ndanda jirani na abasia ya Wabenediktini, wamisionari wale wapo pale tangu 1906. Ukikaa karibu na watawa unaona kitu ambacho ukikielezwa tu hukielewi. Wale watu wanafanya kazi sana, karakana, shamba, hospitali, uchapaji wa vitabu, hawakai tu. Ila kengele ikipiga mtu anaacha. Nimemwona kwa macho yangu bruda fundi seremala ana randa mkononi, ubao umebaki kipande tu umalizike, kengele ikalia akaiweka randa chini akapangusa mikono kwenye aproni akaenda kanisani. Hakusema ngoja nimalizie. Mimi kile kipande cha ubao kilinifundisha kuliko semina nyingi nilizohudhuria, kwa sababu kinachotumaliza sisi ndio hicho hicho, ngoja nimalizie hii, ngoja nijibu hii moja.

Kwahiyo kaka wa Masasi nakushauri usipange kusali ukishamaliza kazi. Kazi haina mwisho. Panga saa ambayo kazi itakatwa ikiwa haijaisha. Sisi Wakatoliki tuna sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, saa sita mchana na jioni, ni fupi sana, wewe hata ukiwa dhehebu lingine chagua Zaburi fupi saa sita unafunga kidirisha cha kibanda kwa dakika tano. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku na alikuwa mtu wa serikali mwenye majukumu makubwa kuliko floti.

Mwinjilisti_Mstaafu_Newala
Wanangu marahaba, nimewasoma wote. Mimi ni Mwanglikana wa huku Newala, nimefanya kazi ya uinjilisti mpaka nimestaafu, naomba niongeze kwenye lile neno la ukavu alilolisema mwenzetu maana hilo ndilo limenigusa.

Someni Luka 8 mstari wa 14. Bwana anafafanua mbegu zilizoanguka penye miiba, anasema watu hao husongwa na shughuli na mali na anasa za maisha haya. Angalia amezipanga pamoja, shughuli imetajwa ya kwanza kabla ya anasa. Sisi wahubiri tunakimbilia anasa kwa sababu ni rahisi kuikemea, shughuli tunaipigia makofi, tunasema huyu ndugu anajituma. Na ule mmea haukung'olewa, upo, una majani, ila haukomai. Ndio maana huwezi kutaja ubaya ulioufanya na bado unasikia ukavu. Usijihukumu kama mtu aliyeanguka, lakini usikae nayo hivyohivyo pia, mwaka wa kwanza ukavu unauma, baadaye unazoea, na mtu aliyezoea ni vigumu sana kumrudisha, hao nimewazika nikiwa nawafahamu.

Sasa kuhusu salfa. Wazee wetu huku walikuwa wakifika shambani kabla hawajashika jembe wanasimama chini ya mti wanaomba, kila mtu anajua. Wewe ukifika kabla hujawasha mashine simama. Sali Baba Yetu polepole, sema na Mungu habari ya siku hiyo, taja majina ya watoto, halafu washa. Msimu wa salfa sio mwaka mzima, ukiisha rudi kwenye saa yako ya nyumbani. Ila usije ukasema msimu huu niache kwanza, kwa sababu baada ya salfa kuna kuokota korosho, baada ya kuokota kuna minada na malipo, na pesa ikiingia ndio makelele yanaongezeka.

Na usijilinde peke yako. Mkeo na watoto wawepo, hata kama ni wimbo mmoja na mistari mitano baada ya chakula cha usiku. Mtoto wa darasa la tatu akizoea atakukumbusha yeye, mtu mzima tunamkwepa, mtoto hatumkwepi.

Mkulima_Masasi
Asanteni sana wapendwa, baba mwinjilisti shikamoo, nimesoma mara mbili. Ya kusimama shambani naanza kesho na kidirisha saa sita naweza. Dada wa Ndanda hiyo ya randa nimemsomea mke wangu. Ila nina kigugumizi hapo kwenye kuzima simu usiku. Mimi ni wakala, watu wananipigia mpaka saa nne, wengine wanagonga nyumbani. Wengi ni vocha na kutuma hela za kawaida lakini kuna siku mtu ana mgonjwa kalazwa anataka kutoa pesa ya dawa usiku huohuo. Nikizima nikamkosa huyo nitasema nilikuwa naomba?

Mama_Wawili_Nachingwea
Huyo wa mgonjwa mfungulie baba, hata ukiwa katikati ya Zaburi. Hiyo nayo ni ibada. Ila usiwafungulie wa vocha kwa kisingizio chake. Fanya hivi, laini ya uwakala izime saa mbili usiku, andika kwenye karatasi ubandike kibandani na mlangoni kwamba huduma mwisho saa mbili, mwenye mgonjwa apige namba fulani, uweke ile laini yako ya kawaida kwenye simu ya kitochi. Kitochi hakina grupu wala video, kikilia ujue ni mtu. Mwanzo watanuna, wiki mbili tatu watazoea kuja mapema.

Boda_Chuno
Kitochi naunga mkono 100. Na keshi ya dharura itenge pembeni kabla hujafunga, usije ukamfungulia mwenye mgonjwa halafu huna.

Mkulima_Masasi
Hiyo ya kutenga keshi sikuifikiria kabisa. Karatasi naandika leo, mke wangu ana mwandiko mzuri.