Gego limetunga usaha: ning'oe au nitibu mzizi?

Binti_Rungwe: Wakuu, habari za jioni. Gego langu la chini kulia lilitoboka mwaka jana nikalipuuza. Wiki iliyopita limenitesa siku nne mfululizo, linapwita hadi sikioni, kisha likanyamaza ghafla. Leo kwenye ufizi kuna kipele kinatoa usaha. Daktari wa hapa Tukuyu kasema nichague: aling'oe, au niende Mbeya mjini wakatibu mzizi kwa safari mbili tatu. Nina miaka 29, nauza ndizi sokoni. Mliopitia haya naombeni ushauri.

Fundi_Mwanjelwa: Pole sana dada. Mimi niling'oa miaka sita iliyopita. Ganzi, dakika chache, nikarudi kazini, na hela haikuwa kubwa. Yaliyofuata ndiyo sikuyajua: gego la nyuma limeinamia pengo, la juu limeshuka kwa kukosa mwenzake, na nyama inanasa hapo kila siku. Ningetibu.

Kaka_Kyela: Meza amoksilini kwanza. Langu lilitulia hivyo hivyo.

Tabibu_Iringa: Kaka, hapo nakupinga kabisa. Kiini cha jino kikishakufa hakina tena mishipa ya damu, kwa hiyo dawa unayomeza haifiki ndani. Uvimbe unapungua, bakteria wanabaki kwenye mzizi. Na dada, kunyamaza kwa jino si kupona: mshipa wa fahamu umekufa, na usaha umepata pa kutokea.

Kutibu mzizi ni hivi. Unapigwa ganzi, jino linatobolewa juu, kisha daktari anakwangua mifereji iliyo ndani ya mizizi kwa visindano vyembamba huku akiiosha kwa dawa. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, wakati mwingine minne, ndiyo maana linachukua muda kuliko jino la mbele. Ikishakuwa safi inajazwa gutapacha, kitu cha jamii ya mpira, na juu panazibwa. Gego lililotibiwa huvunjika kirahisi, hivyo mara nyingi linahitaji kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino. Uliza bei ya vyote viwili kabla hujakaa kwenye kiti.

Kama mzizi umepasuka, au jino limeoza hadi chini ya ufizi, ng'oa tu. Na uvimbe ukishuka shingoni, au ukashindwa kumeza, usisubiri kukuche. Hospitali usiku huohuo.

Mama_Uyole: Mwanangu, nisikilize mimi niliyeishia njiani. Safari ya kwanza walisafisha, wakaweka kizibo cha muda, maumivu yakaisha. Ada za watoto zikaingia, sikurudi. Kizibo kilitoka, na mwezi wa nne nikiwa nakula makande nikasikia *kaa!* Gego limepasuka katikati. Likang'olewa, nikawa nimelipia yote mawili. Tenga nauli ya safari zote ndipo uanze. Kama huwezi kumaliza, afadhali ung'oe.

Binti_Rungwe: Asanteni sana, shikamoo Mama Uyole. Nimepiga eksirei asubuhi. Mizizi ni mizima, ila kwenye ncha ya mzizi wa nyuma kuna kivuli cheusi. Daktari anasema linaokoleka. Nauli ya safari tatu ninayo, ya kofia bado. Dokta, nikikaa mwezi mmoja bila kofia kuna shida?

Tabibu_Iringa: Mwezi mmoja sawa, mradi kizibo kimekaa vizuri na upande huo husagii mifupa wala mahindi makavu. Kikilegea, rudi siku hiyohiyo.

Mama_Uyole: Marahaba mwanangu. Ukija mjini pitia Uyole, uji utakuwepo.