Kupoza dunia kwa salfa: Afrika ikatae hata utafiti?

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Nchi za Afrika zimekataa mpango wa kupuliza salfa juu angani ili kupoza dunia, na mimi nawaunga mkono. Ila naona wengi wetu tumevuka hapo, hata kuchunguza hatutaki. Hapo ndipo tunapoachana.

Kwa ambaye hajafuatilia: wazo lenyewe lina umri mrefu, lakini aliyelipa uzito ni Paul Crutzen, mkemia wa angahewa kutoka Uholanzi. Mwaka 1995 alipata Nobel pamoja na Mario Molina na Sherwood Rowland kwa kazi yao juu ya ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 2006, bingwa huyo huyo wa ozoni akaandika kwamba kama serikali zitaendelea kuvutana bila kupunguza gesijoto (gesi zinazonasa joto, kama hewa ya ukaa), basi wanasayansi wachunguze uwezekano wa kupeleka salfa kwenye stratosfia (tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua), ili erosoli (chembe ndogo mno zinazoelea hewani) zirudishe sehemu ya mwanga wa jua. Alisema wazi kwamba heri isifikie huko. Mfano wake ulikuwa mlima Pinatubo wa Ufilipino: ulipolipuka Juni 1991 ulirusha tani milioni 15 hadi 20 hivi za dioksidi ya salfa, na mwaka uliofuata dunia ikapoa kama nusu digrii.

Agosti 2023 mawaziri wetu wa mazingira walikaa Addis Ababa wakataka mkataba wa kimataifa wa kutoitumia teknolojia hii. Mwanzoni mwa 2024, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa pale Nairobi, Uswisi ilileta pendekezo la kuunda kundi la wataalamu wa kuichunguza. Afrika ikagoma pamoja na wengine, pendekezo likaondolewa. Swali langu: tumeshinda nini?

Mkulima, Makueni
Tumeshinda muda. Hilo dogo?

Mimi nalima mahindi na pojo kwa mvua, sina kisima. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ilitukosa mfululizo, vuli na masika, halafu vuli ya 2023 ikaja mafuriko. Sasa niambie, mtu akipuliza salfa yake huko na vuli ikanikosa tena, nitamshitaki nani? Atasema ni La Niña, ile hali ya bahari ya Pasifiki kupoa inayotuletea ukame. Nami sitakuwa na la kumjibu. Utafiti kwao ndio mlango. Ukimpa shubiri atachukua pima.

Mwalimu wa kemia, Mbeya
Mleta mada ameeleza nusu ya Pinatubo. Ni kweli dunia ilipoa, lakini katika mwaka ule uliofuata mlipuko mvua juu ya nchi kavu ilipungua sana na mito ikapungua maji. Jua likififia, maji yanavukizwa kidogo, na mvua nayo inayumba.

Tena kuna suala la upande gani wa dunia. Mwaka 2013 kundi la Jim Haywood wa Uingereza lilionyesha kwamba kati ya viangazi vinne vikavu kuliko vyote Sahel (ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara), 1900 hadi 2010, vitatu vilitanguliwa na milipuko mikubwa ya volkano kaskazini mwa ikweta. Wakijaribu kwenye kompyuta, salfa ikipulizwa kaskazini peke yake Sahel inakauka, ikipulizwa kusini peke yake Sahel inapata mvua. Kwa hiyo anayeshika bomba anashika mvua ya watu wengine.

Mengine kwa kifupi: salfa ikifika juu hugeuka matone ya asidi, nayo husaidia klorini iliyoko huko kula ozoni. Hewa ya ukaa inabaki pale pale, na bahari inaendelea kuchachuka. Na kwa kuwa salfa ya stratosfia hudumu mwaka mmoja au miwili tu, ni dozi ya kurudia. Ukiiacha ghafla, joto lote lililofichwa linakurudia kwa kishindo.

Fundi wa injini, melini
Mnabishana kana kwamba jambo hili halijaanza. Sisi wa melini tumelifanya miaka nenda rudi kwa mafuta mazito. Kabla ya 2020 mafuta yaliruhusiwa kuwa na salfa hadi asilimia 3.5, na moshi wake ulichora mistari ya mawingu baharini, setilaiti zinaiona. Tarehe 1 Januari 2020 kiwango kikashushwa hadi 0.5. Mistari ikapungua. Mapafu ya watu wa bandarini yakapata nafuu, ila jua nalo likapata njia. Nani aliulizwa tulipokuwa tunapoza? Nani aliulizwa tulipoacha?

Mwalimu wa kemia, Mbeya
Fundi ana hoja, ingawa hiyo salfa ya chini husombwa na mvua ndani ya siku chache, si sawa na ya juu. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inasema gesijoto peke yake zimeleta joto la digrii 1.0 hadi 2.0, na vichafuzi vingine, hasa erosoli, vimeficha hadi 0.8 ya hilo. Tofauti kati ya sifuri na 0.8 ni kubwa mno! Hicho ndicho kinachowakosesha wakemia usingizi.

Mkulima, Makueni
Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Sweden, walikataa hata puto tupu. Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mradi wao wa kuchunguza upulizaji huu, walitaka kurusha vifaa Kiruna mwaka 2021, bila chembe yoyote ndani. Wasami wakasema hawakuulizwa, safari ikasimamishwa, na Machi 2024 mradi mzima ukafungwa. Hakuna aliyewaita wajinga. Sisi tukikataa tunaambiwa tunaogopa sayansi.

Mleta mada
Dada, sijasema mjinga, na kwa Wasami nakubali. Lakini tazama Mexico: kampuni changa ya Marekani ilirusha maputo yenye salfa bila kumuuliza mtu, na Mexico ikajua baada ya tukio. Januari 2023 serikali yao ikatangaza kupiga marufuku. Marufuku bila vipimo utaisimamia vipi? Umesema mwenyewe hutakuwa na la kumjibu. Jibu hilo linatoka kwenye takwimu za mvua zetu, na mifano ya kompyuta iliyokokotolewa na watu wetu, hata kama hatupulizi gramu moja.

Mwalimu wa kemia, Mbeya
Takwimu zipi, mkuu? Shule ninapofundisha ina kipimamvua chenye ufa tangu kabla sijahamia. Wanafunzi wanakijua kama kiota cha ndege.

Mkulima, Makueni
Mimi ninalo daftari. Marehemu baba aliandika kila mvua kuanzia 1974, kwa kopo na rula, nami nimeendeleza. Mwalimu, ukitaka nitapiga picha kurasa zote nikutumie. Kupuliza bado nasema hapana, na hilo kundi la Uswisi pia hapana. Ila daftari chukua.

Mwalimu wa kemia, Mbeya
Tuma, mama. Anza na 1991 na 1992.