Nimeuziwa aluminiamu kwa jina la shaba: zaidi ya milioni imeteketea kwenye winchi ya kwadi, kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya

Wakuu, hii ni wiki ya tatu nina hasira. Nilisema zitapoa, hazijapoa, kwa hiyo naandika kabla mwingine hajatumbukia nilikotumbukia mimi.

Nipo Njombe. Nina parachichi na misonobari kwenye mashamba mawili yaliyotenganishwa na bonde, na katikati pana udongo mwekundu ambao kuanzia Desemba hadi Aprili haupitiki kwa gari. Kwa hiyo natumia kwadi, pikipiki ya matairi manne, niliyoinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika. Mbele ina winchi ndogo ya umeme ya kuvuta paundi 2500, yaani mota inayozungusha ngoma ya kuvingirishia kamba ya chuma. Winchi hiyo imenifanyia kazi misimu miwili: imenitoa kwenye tope, imevuta magogo, imeng'oa visiki. Sikuwahi kuilalamikia.

Mwaka jana kwadi ilikaa ghalani kiangazi kizima, panya wakatafuna gamba la waya mkubwa unaotoka kwenye betri. Fundi akashauri tubadilishe waya wote. Nikaagiza Dar, duka moja Kariakoo, mita nne za waya wa milimita 16 za mraba, mwekundu na mweusi, shilingi 20,000 kwa mita. Nilimuuliza muuzaji kwenye simu mara mbili: hii ni shaba? Akajibu, "Bosi wangu, shaba tupu, hii ndiyo wanayofungia mashine za kuchomelea." Ukaja kwa basi. Mnono, mlaini, unapinda vizuri, na juu ya mpira wake pamechapwa 16. Nikaamini.

Ugonjwa ulianza siku ile ile, ila sikujua umetokea wapi.

Winchi ikaanza kuvuta kwa shida. Ukibonyeza inaguna, taa zinafifia, ngoma inazunguka polepole hadi unaweza kuhesabu mizunguko ya kamba ya chuma inavyojipanga. Fundi akasema betri imechoka. Nikanunua mpya, 160,000. Hali ile ile. Akasema winchi imekauka ndani, akaifungua, akaipaka grisi, akaifunga. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa ukiacha kuvuta gogo mlimani linarudi nyuma lenyewe. Mwisho akasema winchi imefika mwisho na ni ndogo mno, nitafute kubwa. Nikarudi kwa muuzaji yule yule.

Hapo ndipo nilipouziwa maneno. "Chukua hii ya 4500 bosi, hiyo ni tani nne na nusu, hata Noah inavuta." Boksi limeandikwa paundi. Paundi 4500 ni kilo 2041, hazifiki hata nusu ya alichoniambia. Na uzito huo ni pale kamba imebaki safu ya kwanza tu juu ya ngoma. Kila safu inayopanda juu ya nyingine inanenepesha ngoma na kupunguza nguvu, ukifika safu ya nne unaweza kuwa umeshapoteza hadi theluthi. Muuzaji wa winchi asiyejua hilo hana haki ya kuuza winchi, na anayelijua halafu anasema tani nne na nusu anaweka watu hatarini. Mtu atafunga kamba kwenye Noah kwa kuamini neno lake.

Nikalipa 780,000 ya winchi na 90,000 ya solenoidi mpya, ile swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye winchi ukibonyeza kitufe. Fundi kwa safari zote amechukua 120,000. Jumlisheni na betri na waya: 1,230,000. Hizo ni hela za mbolea.

Winchi mpya inakula umeme mwingi kuliko ya zamani, na waya ni ule ule. Fundi akaifunga solenoidi kule mbele, karibu na winchi, na umeme wa kuiamsha akauchukua hapo hapo mwisho wa waya ule. Nawaomba msome hapa taratibu kwa sababu hapa ndipo mtu angeumia.

Tulikuwa tunavuta gogo la msonobari kutoka korongoni. Kijana wangu amesimama karibu na kwadi, anaangalia kamba inavyojipanga. Winchi ikazidiwa, umeme ukashuka, solenoidi ikaanza kugonga tk-tk-tk-tk. Nikaachia kitufe. Ngoma haikusimama. Nikabonyeza upande wa kuachia kamba, wapi, inavuta tu. Gogo likaja hadi kwenye bampa, likabinua kwadi mbele, na ngoma bado inazunguka. Nilimpigia kijana kelele akae mbali, nikang'oa kiti, nikatafuta spana namba 10 kwenye boksi la vifaa na mikono inatetemeka, nikalegeza nati ya betri. Ndipo ikasimama. Kibati cha rola kimepinda, na kijana alikuwa na mkono umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kamba.

Nilipoifungua ile solenoidi nikaelewa. Umeme ukishuka, sumaku yake inakosa nguvu ya kushika, inaachia na kukamata, inaachia na kukamata, kila mara cheche. Mwisho vile vipande vya shaba vya ndani vimechomelewa pamoja kabisa. Kuachia kitufe hakusaidii tena, umeme unapita moja kwa moja. Solenoidi haikuwa feki. Iliuawa na umeme dhaifu.

Jioni hiyo nikasema fundi haji tena, nafanya mwenyewe nyumbani. Nikachukua mita ya umeme ya 15,000 ambayo ninayo miaka yote. Nikatafuta solenoidi nyingine kwa jirani, nikafunga kamba kwenye kisiki, kwadi inaunguruma, nikamwambia kijana abonyeze kidogo. Kwenye nguzo za betri: volti 10.8. Kwenye nguzo za mota: 7.6. Zaidi ya volti tatu zimepotelea njiani! Nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine mwisho wa waya ule ule mwekundu. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri. Palisoma 1.3. Nikaushika waya, wa moto kama kikombe cha chai.

Nikakata kipande, nikakwangua kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe.

Nikauvua mpira mita moja nzima, nikaenda Makambako kwa mnunuzi wa chuma chakavu, maana hao hawadanganyiki, shaba na aluminiamu wanazilipia bei mbili tofauti. Kijana wa pale hakuuliza kitu. Alichukua tupa, akapitisha mara moja, akasema, "Mzee, hii siyo shaba, hii ni alminiamu imepakwa. Siwezi kukupa bei ya shaba." Nikamwomba aipime. Gramu 30. Wakuu, mita moja ya shaba ya milimita 16 za mraba inatakiwa iwe na gramu zipatazo 143. Hata ungekuwa aluminiamu yenye unene halali usingeshuka chini ya gramu 43. Yaani nimeibiwa mara mbili: siyo shaba, na wala siyo 16. Unene wote ule ni mpira.

Hapo hapo nikanunua kwake waya za betri zilizotolewa kwenye lori bovu, shaba ya kweli, nzito mkononi. Nikazifunga upya, vichwa vyake nikavibana kwa koleo kubwa kisha nikavilehemu, na solenoidi nikairudisha karibu na betri inapostahili kukaa.

Halafu nikaifungua winchi ya zamani, ile fundi aliyosema imefika mwisho. Nilichora alama kwa bisibisi pembeni ya mota kabla sijaitenganisha ili irudi ilivyokuwa. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha, sehemu ya mota inayozunguka, zimebaki zaidi ya nusu. Amecha imekuwa nyeusi kidogo pale kaboni zinapopita, nikaisugua kwa msasa laini ikang'aa. Oringi moja, pete ya mpira ya kuzuia maji, imekauka na kupasuka, ndiyo iliyokuwa inaingiza maji. Basi. Mota nzima.

Breki ndiyo iliyoniuma. Kwenye winchi hii breki imo ndani ya ngoma, kipande chenye umbo la koni kinachokamata ukuta wa ngoma kwa msuguano. Fundi alikijaza grisi! Gia ndizo zinazotaka grisi. Breki ukiipaka grisi umeiondoa breki, ndiyo maana gogo lilikuwa linarudi nyuma na mimi nimesimama chini yake. Fundi anayefanya magari kila siku, ambaye hawezi kupaka grisi kwenye breki za gari la mteja, kwa winchi alipaka kwa kiganja. Nimeosha kwa dawa ya kusafishia breki mara tatu, nikakwangua kwa msasa, nikakausha.

Nikaifunga hiyo hiyo ya paundi 2500, na betri ile ya zamani. Inavuta kama siku ya kwanza. Volti kwenye mota hazishuki chini ya 10. Gogo linasimama pale ninapoliachia.

Kwa hiyo winchi mpya sikuihitaji, na betri mpya sikuihitaji. Fundi ameigusa kwadi yangu safari zote hizo na hata mara moja hakuweka mita kwenye waya, kazi ya dakika mbili.

Nimempigia muuzaji. Kwanza akasema nimefunga vibaya. Nikamtumia picha ya waya uliokwanguliwa na picha ya mzani. Akanyamaza siku mbili, kisha akaandika: "Mzee, soma risiti, mali ikishauzwa hairudishwi." Mzee wakati wa kudai, bosi wakati wa kununua. Mimi sidai kwa sababu nimebadili mawazo, nadai kwa sababu nililipia shaba na sikupewa shaba.

Nimetunza nusu mita pamoja na mpira wake wenye namba 16, na risiti. Kipande kinakwenda TBS, Shirika la Viwango, na barua inakwenda Tume ya Ushindani. Wiki ijayo nashuka Dar, nitasimama kwenye kaunta yake na mzani wangu.

Ombi langu kwenu: mwenye winchi, inveta, sola au spika za gari aliyefungiwa waya mnene mlaini wa bei hiyo, akate sentimita mbili mwishoni, akwangue, apime, aandike hapa alichokuta na alinunua kwa bei gani. Na anayejua mahali Mbeya au Iringa panapouzwa waya wa shaba wa kweli kwa uzito, si kwa namba iliyochapwa juu ya mpira, anielekeze. Nahitaji mita sita za pampu ya kumwagilia kabla kiangazi hakijaanza.