Doa la mchuzi wa biriani kwenye kanzu nyeupe, nisaidieni

Wadau habari za sikukuu, jana Idi mume wangu kamwagikiwa mchuzi wa biriani kifuani, kanzu yenyewe nyeupe ya pamba ina darizi shingoni, nikaikimbilia na sabuni ya kipande lile doa la njano likageuka jekundu kabisa, nimechanganyikiwa, nitie jiki?

Jibu: Usitie jiki dada, utaiharibu hiyo darizi. Wekundu huo ni binzari imekutana na sabuni, ukisuuza vizuri unarudi njano. Anza kwa kutoa mafuta ya mchuzi, tia sabuni ya maji ya vyombo matone mawili, sugua taratibu kwa kidole upande wa ndani, suuza maji baridi, ya moto yanaling'ang'anisha.

Jibu: Nakazia, halafu ianike juani ikiwa bado mbichi, doa liangalie juu, binzari haiwezani na jua, yangu ilichukua siku mbili ikaisha. Na pasi usiguse kwanza!

Muulizaji: Asanteni jamani, ipo kambani tangu saa nne, limebaki kwa mbali kama chai ya maziwa, kesho narudia.